Kaburi Linalokua la Gahanga

Sijawahi kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa na watu wengi. Watu wengi wakisema jambo moja, kinachothibitika ni kwamba wamekutana. Kwa msimamo huo niliingia Kigali mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Ujiji nilikozaliwa, kuja kufundisha hesabu katika shule ndogo ya Waislamu pale Biryogo. Na kwa msimamo huohuo nilizitumia Jumapili zangu, shule ikiwa imefungwa, kutembea kwa miguu hadi kila mahali palipozungumzwa, ili nipaone kwa macho yangu.

Kigali ya wakati huo ilikuwa vilima vichache vya mabati na vilima vingi vya migomba, na kila kilima kilikuwa na habari yake. Juu ya barabara inayopanda kutoka Nyabugogo, kule Gatsata, niliambiwa kuna jiwe linalolia kama kengele likigongwa na mtu mwenye mke, na kukaa kimya likigongwa na kapera. Nililigonga. Lililia vizuri sana, nami sikuwa na mke. Wenyeji walionisindikiza walinitazama upya, na mmoja wao akaniuliza kwa upole kama mama watoto nimemwacha Ujiji. Remera nako, ambako palikuwa mashamba ya mtama na viazi vitamu, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuota uwanja wa mpira uliojengwa hapo baadaye, nilionyeshwa njia ambayo ng'ombe hawakubali kuipita. Nilikaa hapo asubuhi nzima. Walipita ng'ombe wa kila rangi. Mmoja tu alisimama, naye alisimama kwa sababu mchungaji wake alisimama kunisalimu na kuniuliza ninangoja nini. Niliporudi Biryogo nilikuta imekwisha kujulikana kwamba ng'ombe wamekataa kupita Remera, na kwamba shahidi ni mwalimu.

Hayo nayaeleza ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipoingia katika habari ya kaburi la Gahanga.

Nilipanga chumba nyuma ya kibaraza cha fundi cherehani mmoja, mtu wa makamo, mpole, ambaye babu yake alikuja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, akaoa huku, asirudi. Mafundi wa mtaa ule walimhesabu kuwa mkuu wao, kwa kuwa marehemu baba yake ndiye aliyewafundisha kazi karibu wote. Fundi huyu hakuwa mwongo. Nalisema hilo mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumdhulumu. Alikuwa na dada yake, mjane ambaye bado alikuwa kijana, aliyekaa nyuma ya pazia la duka akishona matundu ya vifungo na kupinda pindo. Kutoka nyuma ya pazia lile aliona kila kitu na kusikia kila kitu, na mara kwa mara alitoa neno moja lililomkasirisha mteja kabla ya kumchekesha.

Mimi nilikuwa na suruali moja ya kaki ambayo niliipeleka kupindwa mara nyingi kuliko suruali yoyote inavyostahili.

"Mwalimu," aliniambia siku moja bila kuinua uso, "hii ukiendelea kuileta itakuwa kaptura."

Nikaona hakuna haja ya kuiangamiza suruali. Nikapeleka posa.

Sasa, kule Gahanga, pembezoni mwa mji upande wa kusini, njia ya Bugesera, palikuwa na kaburi la zamani katikati ya shamba la viazi. Aliyelala humo hakujulikana jina. Watu walimwita Mgeni. Wapo waliosema alikuwa sharifu, wapo waliosema alikuwa mfanyabiashara wa chumvi aliyeugua njiani, na mzee mmoja aliniapia kwamba alikuwa mpishi wa Wajerumani. Kila mwaka, baada ya Maulidi, mafundi wa Biryogo walikwenda kumzuru na kulifunika kaburi lake kwa kitambaa kipya cha kijani. Walilipima kwanza, wakakata kitambaa na kukipinda palepale kwa sindano ya mkono. Na kila mwaka, kwa ushahidi wa mafundi wote, kaburi lilikuwa limeongezeka urefu kwa kiasi cha upana wa kidole.

Wenye maduka hawakuliamini jambo hilo. Kati ya wenye maduka na mafundi palikuwa na ushindani wa miaka mingi, na kaburi la Gahanga ndilo lililokuwa uwanja wake. Muuza sabuni na khanga wa ng'ambo ya barabara, mtu mnene mwenye sauti inayofika mbali, alipenda kuuliza kila fundi apitaye kama Mgeni ameanza kuota ndevu. Mimi sikuwa na upande. Lakini jioni moja barazani, habari ya kidole ilipotajwa, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nami si mtu wa kucheka, kwa hiyo kicheko changu kilikumbukwa.

Fundi alinijibu posa yangu akiwa ameketi kwenye cherehani yake, mguu ukiwa juu ya kanyagio bila kukanyaga.

"Mwarimu, mimi sina neno na wewe. Unasali. Huna makelele. Lakini ulimcheka Mgeni mbele ya watu. Dada yangu nitampaje mtu anacheka wafu?"

"Sikumcheka yeye, kaka. Nilicheka kipimo."

"Sawa. Basi njoo ushike kipimo."

Akanieleza sharti lake. Katika ziara ya mwaka ule, mimi ndiye nitakayeshika ncha ya tepu ya kupimia upande wa kichwani, heshima ambayo kila mwaka alipewa mtu mmoja, naye fundi atashika upande wa miguuni na kusoma namba kama kawaida yake. Kisha nitasimama mbele ya mafundi na wenye maduka niseme kwa kinywa changu nilichokiona. Watu wote walijua kwamba mwalimu hasemi asichokiona. Kaburi likiwa limekua, nitasema limekua, na dada mtu nitapewa palepale, Fatiha isomwe.

"Na lisipokua?"

"Iko inakua."

"Naelewa. Lakini lisipokua?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu aliyeulizwa itakuwaje jua lisipochomoza.

"Basi kuna mtu ameharibu," alisema. "Na huyo mtu hawezi kuwa shemeji yangu."

Nyuma ya pazia mashine ya pili, iliyokuwa ikilia muda wote, ilinyamaza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Gahanga peke yangu. Nilichukua shuleni rula ndefu ya mbao, ile ya meta nzima ambayo kwa kawaida nilichorea ubaoni, nikaitia begani, nikashuka bonde la Gikondo na kupanda Kicukiro. Mtu mwenye rula begani hatembei peke yake kwa muda mrefu. Kila nyumba niliyoipita ilitoa mtu wa kuuliza barabara itapita wapi. Nilijibu kwamba hakuna barabara. Nikasikia nyuma yangu wakiambiana kwamba barabara ni ya siri.

Kaburi nililiona kwa mbali, kwa sababu ya kitambaa cha mwaka uliopita kilichokuwa kimepauka. Katikati ya matuta ya viazi alisimama bibi mmoja mwenye jembe, mwenye shamba, ambaye hakuwa Mwislamu na hakuwa na subira.

"Umetumwa na komini?" aliniuliza kwa Kinyarwanda, akiitazama rula na kunidhania mtu wa serikali ya mtaa.

"Hapana, mama. Nimekuja kupima kaburi."

"Mtu mzima, Jumapili, kupima kaburi." Aliliacha neno hilo likae hewani. "Basi ukimaliza kumpima aliyekufa, utanipimia na mpaka wangu na huyu jirani. Yeye yuko hai na anasogea kila msimu."

Nilipima kaburi. Nililipima kutoka kichwani hadi miguuni, kisha kutoka miguuni hadi kichwani, kwa sababu nilitaka kuwa na haki. Kisha nikapima mpaka wa bibi, jirani yake akiwa amesimama kimya kwa wasiwasi mkubwa, na ikaonekana kwamba aliyesogea ni bibi. Aliniambia rula yangu ni mbovu.

Rula haikuwa mbovu. Namba iliyotangazwa mwaka uliopita niliijua, kila mtu wa Biryogo aliijua kama anavyojua rakaa za adhuhuri, na kaburi nililolipima lilikuwa pungufu yake kwa upana wa kiganja. Kaburi halikuwa linakua. Hilo sikulistaajabia. Nililostaajabia ni kwamba mafundi, watu wanaoishi kwa kupima, walikuwa wakikosea, tena wakikosea kwa utaratibu.

Nilimkuta dada mtu kibarazani, kaka yake akiwa msikitini. Nikamwomba anionyeshe tepu ya ziara. Ilikuwa tepu ndefu ya kitambaa ya marehemu baba yao, ya kupimia mahema na mapazia, na haikutumiwa kwa kazi nyingine yoyote. Ilikaa mwaka mzima katika kifuko cha mahameli juu ya kabati. Aliitoa. Nikaifungua mwanzo wake. Kipande cha shaba kilichokuwa kwenye ncha kilikwisha kudondoka zamani, na mahali pake palikuwa na pindo dogo, safi, la mkono. Namba ya kwanza baada ya pindo ilikuwa kumi na moja.

Nilimwonyesha kwa kidole. Yeye hakutazama kidole, alinitazama mimi.

"Kila mwaka ncha inachanika," alisema. "Kila mwaka kaka ananiambia, ifanyie usafi. Nakata uzi uzi, napinda."

"Na hukumwambia kwamba unakata namba?"

"Mwalimu, mimi nilikuwa na umri gani nilipoanza? Nilipokuja kugundua, Mgeni alikuwa amekwisha kukua. Ningemwambia kaka nini? Kwamba muujiza ni mimi?"

Jambo lilikuwa wazi kama hesabu ya darasa la pili. Aliyeshika ncha kila mwaka alikuwa mgeni wa heshima, na kidole gumba chake kiliifunika. Fundi alisoma upande wa pili, na upande wa pili ulisema kweli kadiri ulivyoweza. Tepu ikipungua, kaburi linakua. Na kwa kuwa kitambaa kilikatwa kwa tepu ileile, kililingana na kaburi kila mwaka, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kushuku.

"Siwezi kushika tepu hii na kusema limekua," nilimwambia. "Nitalazimika kuinua kidole na kuwaonyesha watu."

"Mbele ya muuza sabuni?"

"Mbele ya yeyote atakayekuwepo."

"Kaka atakufa kwa aibu. Na mimi nitabaki hapa nyuma ya pazia kupinda suruali za walimu."

Niliupenda ukweli, nami nilimpenda yeye, na hadi siku ile mambo hayo mawili hayakuwa yamewahi kukutana mlango mmoja.

Aliikunja tepu polepole, akairudisha katika kifuko. "Wewe njoo tu ushike ncha," alisema. "Shika, useme ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

"Ndicho nilichokusudia."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia uje."

Siku ya ziara tulipanda lori, mafundi upande mmoja, wenye maduka upande mwingine, akina mama katikati na masufuria yao. Muuza sabuni alikuja akiwa amevaa koti, kwa kuwa, alisema, mtu hapati kila siku nafasi ya kumwona maiti akirefuka. Mimi nilikuwa nimeandaa sentensi yangu, na niliipitia kimya kimya njia nzima hadi Gahanga. Ilikuwa sentensi ndefu, ya haki, iliyowaondolea lawama marehemu baba mtu, fundi mwenyewe na sindano ya dada yake, na ambayo mwishoni mwake ningekuwa nimepoteza mke.

Bibi mwenye shamba alikuwa amekwisha kuketi kwenye tuta, jembe mapajani, akihakikisha nani anakanyaga nini. Kisomo kilisomwa, ubani ukachomwa. Masufuria yalikuwa yameinjikwa kando, na dada mtu alikuwa huko akikoroga wali kama mtu asiyejua duniani kuna tepu. Kisha fundi akakitoa kifuko, akanipa ncha bila kuitazama, kwa kuwa macho yake yalikuwa tayari upande wa miguuni, akaenda akiifungua tepu.

Niliinama pale kichwani. Nikajiandaa kuinua kidole na kuanza sentensi yangu. Nikatazama.

Tepu ilianzia moja.

Moja, mbili, tatu, zote zilikuwepo. Kati ya kumi na kumi na moja palikuwa na mshono mwembamba mno, ambao mtu asiyejua asingeuona na anayejua angeutafuta kwanza. Kipande kilichoongezwa kilikuwa na rangi ileile ya manjano ya zamani kama tepu nyingine yote. Niliinusa. Ilinukia chai. Niligeuka kuelekea masufuriani, na mtu mmoja huko alikuwa ameshughulika sana na chumvi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshika tepu ya kweli. Niliibana kwenye jiwe la kichwani, nikakaa kimya, kwa sababu sentensi yangu haikuwa na kazi tena.

Fundi alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akasoma tena. Akaivuta tepu ikakaza, akasoma mara nyingine. Kila fundi aliyekuwa karibu aliinama akasoma, na kila mmoja alipoinuka hakumtazama mwenzake.

"Vipi?" aliuliza muuza sabuni kutoka nyuma. "Ameota ndevu?"

Yeye mwenyewe akasogea, akainama kwa taabu, akasoma kwa sauti inayofika mbali. Kisha akainuka akiwa na uso wa sikukuu.

"Fundi! Mtu wako amerudi utotoni! Tukija mwakani tutamkuta ana nepi!"

Wenye maduka walicheka hadi wengine wakashika magoti. Fundi hakuwasikia. Alikuja hadi kichwani, akaniangalia kwa macho ambayo hayakuwa na hasira bado, ila yalikuwa yakiitafuta.

"Mwarimu. Umefanya nini huku?"

"Nimeshika ncha, kaka. Njoo uone. Inaanzia moja."

Aliinama. Akaona moja. Akaigusa kwa kidole, naye akiwa fundi, na kwa sekunde moja nilidhani mshono utamsalimu. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mshono ule ulikuwa umeshonwa na mwanafunzi wa baba yake.

"Iko sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi ni yeye mwenyewe. Amekuja mtu anamcheka, na yeye amejikunyata." Alisimama wima, akawageukia watu, nami nikajua kinachofuata. "Jamaa zangu, nilisema kama kaburi halikukua, mimi dada yangu..."

"Nyie!" Bibi alikuwa amesimama juu ya tuta lake. "Kelele ya nini? Mmoja ashuke kwenye viazi vyangu, yule wa koti!"

Mmoja wa mafundi alimweleza kwa Kinyarwanda, kwa adabu, akimwita mukecuru, yaani bibi mzee, kwamba Mgeni amekuwa mfupi.

"Hilo ndilo la kulilia?" alisema bibi. "Kila mwaka mnakuja walewale. Mwaka huu mmekuja na huyu mrefu, hajawahi kuletwa. Wewe fundi, ukiwa umejilaza kitandani, akaingia mtu wa kukutembelea na kiti hakuna, unamfanyaje? Unamwacha asimame? Si unakunja miguu ili aketi?"

Akakaa tena, akaendelea kulinda viazi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kimya cha watu wengi wanaofikiri jambo moja, na nimekwisha kusema maoni yangu kuhusu hali hiyo. Fundi mzee kuliko wote alitoa "Subhanallah" kwa pumzi. Mwingine akairudia. Niliona uso wa fundi wangu ukifunguka kidogo kidogo, kama kitambaa kinachoondolewa mikunjo kwa pasi.

"Amekunja miguu," alisema.

"Amempisha shemeji!" alisema mwingine.

Hata wenye maduka hawakucheka tena. Muuza sabuni alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoa kitu.

"Mwarimu," fundi aliniambia, akinishika mkono, "sema mbele ya watu ulichokiona."

Nilisimama. Nilisema kwamba nimeona tepu ikianzia moja. Nilisema kwamba nimeona kaburi ni fupi kuliko namba iliyotangazwa mwaka uliopita. Hakuna neno la uongo hapo, wala sikutaja miguu ya mtu. Mafundi waliitikia kwa takbira iliyosikika, nadhani, hadi Kicukiro, na Fatiha ikasomwa kabla wali haujapakuliwa.

Njiani kurudi nilijipenyeza ndani ya lori hadi karibu na masufuria.

"Kipande kile umekitoa wapi?" nilimwuliza mchumba wangu kwa sauti ya chini.

"Tepu mbovu ziko nyingi dukani. Na chai ya rangi iko kila asubuhi." Alifungua kiganja. Kipande kilikuwemo, kimekunjwa, nyuzi zikining'inia. "Nimeshakifumua. Kaka akiifungua nyumbani aikute kama anavyoijua."

"Na yule bibi? Nani alimfundisha maneno yale?"

"Mwalimu, mtu mzima yule anafundishwa?"

"Nauliza."

"Nilimpelekea chumvi wiki iliyopita. Tulizungumza habari za viazi."

"Za viazi tu?"

"Na za wageni," alisema, akafunika sufuria.

Zaidi ya hapo sijui, na nisilolijua silisemi. Wengine hawakuwa na kizuizi hicho. Kabla ya Ijumaa, mtaa jirani wa Nyamirambo ulikuwa unasema Mgeni aliketi. Gatsata walisema alinishika mkono, na kwamba hata jiwe lao lilikwisha kunitambua mapema. Watu walinisimamisha njiani waulize kama ni kweli, nami niliwajibu kwamba nilichokiona ni tepu, wakaenda zao wakisifu unyenyekevu wangu.

Fundi aliniambia kanzu ya harusi ataishona mwenyewe. Niliingia dukani kupimwa, nikasimama mikono nimeinyoosha, na yeye akapanda juu ya kiti, akakishusha kile kifuko cha mahameli.

"Hii haijapima mtu aliye hai tangu baba," alisema. "Wewe itakupima."

Naapa nilifungua kinywa. Nyuma ya pazia, kikohozi kimoja kikavu kilisikika. Nikafunga kinywa. Fundi aliiweka ncha begani mwangu, ncha iliyokuwa imerudi kuanzia kumi na moja, akainama hadi kwenye kifundo cha mguu, akasoma namba, akaitamka kwa fahari. Kisha akaenda mezani kukata kitambaa kwa rula ya duka, ambayo haikuwa na dosari yoyote. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilisimama pale nikiijua tofauti yake na tepu, na nilikaa nayo hadi siku ya harusi kama mtu anayeijua tarehe ya mvua.

Niliingia msikitini nikifagia. Nililishika pindo kwa mkono wa kushoto, nikasalimiana kwa wa kulia, na nilipohitaji mikono yote miwili kwa dua, kanzu ilinizunguka miguuni kama chandarua kilichoanguka. Muuza sabuni alingoja hadi akdi ilipokwisha, kwa heshima ya mahali, ndipo sauti yake ikafika mbali.

"Jamani! Bwana harusi naye amekunja miguu!"

Watu walicheka, lakini fundi hakucheka. Alinizunguka polepole, akaligusa pindo, akatazama bega, akarudi kwenye pindo. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosea urefu wa kanzu.

"Nilimpima mimi mwenyewe," aliwaambia watu kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Kwa tepu ya baba. Wiki iliyopita mtu huyu alikuwa mrefu."

Nikaona mafundi wakitazamana, na "Subhanallah" ya kwanza ikatoka kwa fundi mzee yuleyule wa Gahanga. Hivyo ndivyo mimi, ambaye nilitembea vilima vyote vya Kigali kuyakanusha mambo ya kusikia, nilivyogeuka kuwa mojawapo. Nilikuwa na maelezo kamili. Yalikuwa mafupi, yenye namba, na yangeeleweka na mtoto. Niliyatazama, nikamtazama shemeji yangu, nikayaacha.

Mwaka uliofuata Mgeni alikuwa amenyoosha miguu tena, na kidole zaidi. Mafundi walisema ni kwa sababu sasa mimi si mgeni. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi baada ya harusi, mke wangu aliitandika kanzu ile magotini, akaitia sindano uzi, akaniuliza bila kuinua uso:

"Nipinde, au tuwaache wasubiri urefuke?"

Nilifikiri kidogo, kwa haki.

"Pinda," nikasema.